Doa Kwenye Pindo la Koti

Januari 9

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na cherehani yako nayo nzima, maana najua kati ya hivyo viwili ni kipi kinachokutia wasiwasi. Mimi sijambo. Mvua haijakatika tangu Jumatatu na chumba changu kinavuja kwenye kona ya kitanda. Nimetega sufuria, basi nalala kama niko jikoni. Mama ananiambia kwenye simu kwamba bado unakataa kununua simu. Nilimwambia asipoteze pumzi.

Uliniuliza nafanya kazi gani hasa, ukaonya kwamba usijibiwe kwa maneno ya vitabuni. Haya. Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli ni karakana. Ndani yake kuna kabati lililofungwa, na humo mna karatasi za kukatia kila kitu tulicho nacho, kuanzia kucha mpaka moyo. Karatasi ya asili haitoki kabatini. Inanakiliwa, na nakala hiyo, ambayo ni RNA, inapelekwa mezani kwa mafundi. Wao wanaifuata na kutengeneza protini. Mimi naingiza kwenye seli kipande kifupi cha RNA kinacholingana na nakala moja tu kati ya maelfu. Kikikutana nayo, seli yenyewe inaikatakata ile nakala. Mafundi wanakaa bila kazi na protini ile inapungua. Haikomi, inapungua. Kisha tunaangalia seli inaishije bila ya kutosha.

Kazi yenyewe naipenda. Watu ndio balaa. Profesa wetu hajui hata kifuniko cha sahani ya seli kinafunguliwaje, lakini wageni wakija anatembea mbele kama bwana harusi, anatangaza kwamba "tumenyamazisha protini kwa asilimia tisini". Nimeziangalia hizo seli kwa darubini. Zimekufa, Shangazi. Maiti nayo hunyamaza. Halafu yupo mwenzangu tunayemwita Mikono Mitupu, kwa sababu anaona glavu ni mambo ya waoga. Jasho la mkono wa mtu linaila RNA kabla hujapepesa jicho. Akigusa kichupa kimoja, kazi ya wiki nzima imekwenda na maji. Ukimwambia, anacheka, anakuonyesha meno.

Nina ombi. Makoti tuliyopewa ni magunia yenye mikono. Mikono yenyewe mirefu, inaingia kwenye sahani. Nishonee moja la kazi, jeupe, la mtu mwenye mabega. Najua utanitukana kwanza.

Mpwa wako wa maabara

*

Februari 2

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako yupo, amenunua viatu vya kisigino kwa umri ule. Juzi nimemwona anashuka ngazi za soko kama mbuzi aliyepandishwa mezani. Nikamcheka mbele za watu. Akateguka kifundo cha mguu, akalia mpaka nyumbani, nikamwita Yai, akanuna siku mbili. Leo amekuja kunywa chai, kwake sukari haikai. Si unajua ukoo wetu: anayelia maumivu ni Yai, na akishaitwa hivyo jina halimtoki. Mama yako ameolewa tu kwetu lakini nilimpa heshima hiyo bila ubaguzi.

Simu sitaki. Mtu akikutukana kwa simu, huwezi kumsoma mara ya pili uhakikishe.

Sasa kazi yako. Nimesoma maelezo, nikayarudia, nikatamani kucheka lakini nilikuwa na pini mdomoni. Yaani ulikesha na vitabu tangu una meno ya utoto, tukakusindikiza na mabegi, mama yako akalia kituoni hadi akaaibisha familia, kumbe kazi yako ni kuchana karatasi ya kukatia ili gauni lisishonwe! Panya wa dukani kwangu anafanya hivyo hivyo, na hana shahada. Na nikuulize: karatasi ya asili si ingali kabatini? Kesho si itanakiliwa tena? Sasa mmefanya nini? Mmemchelewesha fundi tu. Mteja atarudi.

Profesa wako namjua bila kumwona. Wapo hata kwetu, wanaosimama mlangoni mwa duka la mwenzao na utepe wa kupimia shingoni.

Koti limo kwenye kifurushi hiki. Mikono nimeifupisha. Mfuko wa kulia una kina, utie vikorokoro vyako. Pindo nimelishona kwa mkono, mashine haijui adabu ya pindo. Ukilifua na nguo za rangi usiniandikie tena.

Shangazi yako

*

Februari 27

Shangazi,

Shikamoo, na asante. Koti limenikaa kama lilizaliwa nami. Nilipoingia nalo maabara, Mikono Mitupu aliomba anwani yako. Nilimwambia humshonei mtu mwenye jasho. Mvua imekata, sufuria imerudi jikoni. Kifundo cha Mama kimepona, ameniambia mwenyewe, na amesema wewe ndiye mwenye roho mbaya kuliko wote aliowahi kuwajua. Alikuwa anacheka.

Kuhusu mteja atakayerudi, umesema kweli, sitakupa sifa zaidi ya hapo. Karatasi ya asili haiguswi, kwa hiyo nakala mpya zinakuja, na kazi inabidi irudiwe kila baada ya muda. Huo si udhaifu, ni kazi kama kufagia. Hakuna aliyewahi kukuambia usifagie duka kwa kuwa vumbi litarudi.

Sasa jambo lililonifanya nichelewe kuandika. Jana niligeuza pindo la koti niangalie ulivyolishona. Upande wa ndani kuna madoa ya kahawia, madogo, yanafuatana. Moja, hatua ya sindano, jingine, jingine, mpaka mwisho wa pindo. Wewe uliyemfukuza fundi wako kwa alama ya chaki kwenye ukosi! Mtu akijichoma hupiga kelele, hunyonya kidole, hutafuta maji kabla damu haijakauka. Wewe uliendelea kushona.

Shangazi, uliendelea kwa sababu hukuona, au kwa sababu hukusikia?

Baba alianza hivyo. Aliinua sufuria ya moto kwa mkono mtupu, akaipeleka hadi mezani, akatuuliza ni nini kinachonuka. Unakumbuka. Ulikuwepo.

Mpwa wako

*

Machi 16

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wote wazima, tena wanene. Jirani wa juu amenunua redio inayozungumza yenyewe alfajiri. Kigogo mmoja kaleta suti ipanuliwe, nikamwambia kitambaa kina mwisho ingawa tumbo lake halina, akaondoka kwa hasira, akarudi jioni kwa adabu. Mama yako amejiunga na kwaya. Wamemweka nyuma, na wamefanya vizuri.

Duka nimelipaka rangi. Nimeweka taa nyingine juu ya meza, ile ya zamani ilikuwa inazembea.

Madoa ni kutu. Pasi yangu inatema maji ya kutu, nimeshampelekea fundi, fundi mwenyewe mzembe. Wewe umezoea kutazama vitu kwa darubini, sasa unaona mashetani hata kwenye nguo. Kazi ya darubini ni kwa wadudu, usilete kwangu.

Na marehemu mwache apumzike.

Mimi si Yai.

Shangazi yako

*

Aprili 2

Shangazi,

Shikamoo. Salamu zote ulizotuma nimezipokea, zilikuwa nyingi kuliko kawaida yako. Ulijaza kurasa kwa suti ya kigogo na kwaya ya Mama ili ukifika kwenye madoa usiwe na nafasi. Uongo wako una mishono ya kuonekana, na hilo ndilo lililoniudhi. Fundi kama wewe angalau adanganye vizuri.

Nilichukua uzi mmoja wa pindo, nikaudondoshea dawa ile ya kusafishia vidonda. Ukachemka povu. Kutu haichemki namna ile. Na taa ya pili juu ya meza ni ya nini, kama si ya kutazama vidole ambavyo havikuambii tena viko wapi?

Nisikilize, kisha utukane. Babu alianza na nyayo kuwaka, ikaja ganzi, ikapanda, mwisho moyo ukashindwa. Baba vilevile. Watu wakasema damu mbaya ya ukoo, na kwa mara moja kwenye maisha yao walikuwa karibu na ukweli. Daktari wa mwisho alimpima Baba, majibu yakaja tumeshamzika. Kuna protini moja inatengenezwa kwenye ini. Kwa watu wa ukoo wenu, karatasi yake ya kukatia ina kosa dogo sana, kama mkasi ulioteleza mara moja. Protini inatoka legelege, inavunjika, vipande vinakwenda kujikusanya kwenye mishipa ya fahamu na kwenye moyo, miaka na miaka. Mwenye kosa hilo humrithisha mtoto kwa nusu, yaani ni kama kurusha sarafu. Babu alirusha mara mbili. Kwa Baba iliangukia upande mbaya. Kwako hatujui, kwa sababu hutaki kuiangalia.

Na ile kazi ya panya uliyoidharau, kuchana karatasi ili gauni lisishonwe? Ndiyo dawa. Si yangu, wengine waliitengeneza kabla yangu, wenye akili kuliko Profesa. Ni sindano ya RNA inayokwenda kwenye ini, nakala zinakatwa, protini legelege inapungua. Inarudiwa kila miezi mitatu kwa sababu ile ile uliyoitaja, kabati halifunguliwi. Hospitali kuu ya mjini kwenu inayo, kliniki ya mishipa, ghorofa ya pili. Nimewapigia simu nikauliza. Wakati wa Baba haikuwepo. Sasa ipo, na wewe umekaa unapaka rangi duka.

Ganzi iliyokwisha kuingia hawaahidi kuitoa. Wanaahidi kuizuia isipande. Kila mwezi unaojifanya ni kutu, unaupoteza mwenyewe.

Nenda ukapimwe. Ni damu kidogo tu, na wewe unaimwaga bure kwenye mapindo ya watu.

Mpwa wako

*

Aprili 20

Wewe,

Marahaba. Wazima.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaenda nayo hadi kwa mama yako nikamwuliza kama ulizaliwa na ulimi huo au ulinunua huko. Akasema ulirithi. Basi tumwamini.

Umeandika vizuri, siwezi kukunyima. Babu alikuwa nayo. Baba alikuwa nayo. Kwa shangazi hatujui. "Watu wa ukoo wenu." Ukoo wetu sisi! Kwani wewe uliokotwa jalalani? Marehemu kaka yangu alikuwa mpangaji kwenu? Umepiga mahesabu ya sarafu ya babu, umesahau kwamba baba yako naye alirusha yake mara moja, na iliyoanguka ni wewe.

Uko kwenye jumba lililojaa mashine za kupimia. Kila siku unavaa koti nililokushonea, unashika vichupa, unajua mambo haya kuliko daktari yeyote wa mjini kwetu. Umepima damu ya panya, umepima damu ya pindo langu. Yako je? Mwaka wa ngapi huu tangu tumzike? Usinijibu, najua. Hujapima. Unamcheka yule anayekataa glavu, na wewe unaogopa tone lako mwenyewe. Mwoga msomi ni mwoga tu, tofauti yake anajua kueleza.

Vidole ni kweli. Viwili vya kushoto na kimoja cha kulia. Nyayo zinawaka usiku. Haya, nimesema, umeridhika? Sindano nashika kwa macho. Mteja hajajua na hatajua.

Siku utakayotoa damu yako, mimi nitakwenda ghorofa ya pili. Kabla ya hapo usiniletee mahubiri.

Shangazi

*

Aprili 30

Shangazi,

Shikamoo. Sijambo. Sufuria imerudi kwenye kona ya kitanda.

Nimetoa leo asubuhi. Si maabara kwetu, hairuhusiwi, ni hospitali ya upande wa pili wa barabara. Muuguzi alinichoma mara mbili, hajui kazi.

Sasa zamu yako. Maneno mengine sina.

Mpwa wako

*

Juni 11

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wazima. Kigogo wa suti amenenepa tena. Mama yako amepandishwa hadi safu ya kati, kwaya imekwisha.

Nilikwenda. Lifti haifanyi kazi, wagonjwa wa miguu wanapandishwa ngazi, ndivyo akili zao zilivyo. Daktari ni kijana mwenye ndevu tatu. Alinigusa nyayo kwa pamba akiniuliza nasikia nini. Nikamwambia nasikia anapoteza muda wangu. Akacheka, mshenzi, akaandika. Siku ya majibu alitaka kuniandaa, sijui nikae, sijui ninywe maji. Nikamwambia wewe sema tu, mimi si gauni la bibi harusi.

Ninayo.

Moyo bado mzima, wamenipaka mafuta baridi kifuani wakautazama kwenye kioo. Wamenichoma sindano ya kwanza tumboni wiki iliyopita. Tumbo lingali linasikia, nakuthibitishia. Nilimwuliza Ndevu Tatu kama ndio wale wachana karatasi. Hakuelewa, nikamweleza, akasema hajawahi kusikia ikielezwa hivyo, anaomba aitumie kwa wagonjwa wengine. Nilimwambia ni maneno ya mpwa wangu, aombe ruhusa kwako. Nilisema hivyo kwa sababu ndiyo haki, usivimbe kichwa.

Mama yako alinisindikiza. Alilia yeye.

Sasa nijibu. Yako imesemaje?

Shangazi yako

*

Agosti 5

Mwanangu,

Sijambo. Mama yako hajambo. Wateja wapo.

Hujajibu. Nilidhani posta, nikaenda kuwagombeza posta, wakanionyesha masanduku yao matupu. Nikamwuliza mama yako, akasema kwenye simu ukiulizwa majibu unauliza habari za kwaya. Nimekaa na hilo neno moyoni tangu jana. Mtu wa ukoo wetu hakai kimya kwa jambo jema.

Basi nimeelewa. Usihangaike kutafuta maneno.

Nataka ujue kwamba sitakucheka. Nilikuita mwoga, nikakusukuma, na sasa naona nilikusukuma ukaangukie nini. Ningejua ningekaa kimya na kutu yangu. Wewe bado mdogo. Mimi nimeshakata na kushona nguo za harusi na za mazishi za mji mzima, vidole vyangu vimefanya kazi yao. Vyako vina vichupa vya kushika miaka mingi bado. Nikilala naviona vile vilivyokuwa ulipokuwa na miaka minne, unavipitisha kwenye kopo langu la vifungo chini ya meza, unachambua vyeupe peke yake. Hukuwa unalia hata pini ikikuchoma.

Sindano yenyewe haina neno, kweli. Unakaa, inaingia, unaondoka. Ukianza mapema, anasema Ndevu Tatu, hata ganzi huenda isikufikie. Nitakuja huko nikushike mkono ukitaka. Sijawahi kupanda ndege lakini si watu tu wanaopanda? Au njoo wewe, ulale kwangu, chumba cha nyuma nimekifagia. Hutaitwa Yai katika nyumba yangu, lia upendavyo.

Niandikie hata neno moja, mwanangu kipenzi.

Shangazi

*

Agosti 24

Shangazi,

Shikamoo.

Sina.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu uliomba moja. Sina. Karatasi yangu ni nzima. Nimejua tangu Mei.

Sasa tukana. Lakini kwanza nieleze, ingawa hakuna cha kueleza, ni upumbavu mtupu. Mimi nilijiandaa kuwa nayo. Nilikuwa nimepanga mpaka utani nitakaokuandikia. Muuguzi aliponisomea majibu nilimwambia arudie, nikamwuliza kama hawajachanganya vichupa, akaniona mwendawazimu. Nikatoka nje nikakaa kwenye kibaraza cha hospitali, sikufurahi. Nilimkumbuka Baba na sufuria yake. Halafu ikaja barua yako, "Ninayo", mstari mzima peke yake. Ningekujibu nini? "Pole sana Shangazi, mimi nimeponyoka"? Nimeandika mara nyingi nikachana. Kila nikiisoma naona ni kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa.

Kwenye kazi yetu kuna sahani moja ya kulinganishia. Seli zake hupewa RNA ya porojo, isiyolingana na nakala yoyote, ili tujue zile nyingine zimebadilika kwa dawa au kwa kuguswaguswa tu. Mwezi jana hatimaye nilimlazimisha Profesa aitazame mbele ya wageni wake. Na zenyewe zilikuwa zimekufa. Hakunyamazisha chochote, aliua tu, na mwaka mzima aliita ushindi. Alibadilika rangi. Nilifurahi sana, kisha nikarudi chumbani nikafikiri, mimi mwenyewe sasa ni ile sahani. Nimepewa porojo, nakaa pembeni, natazama wengine wakichomwa.

Barua yako ya Agosti ndiyo iliyonivunja. Sijawahi kuona mkono wako ukiandika maneno yale. Nililia kwenye ngazi, na Mikono Mitupu akapita, akanipa kitambaa. Alikuwa amevaa glavu, siku aliyokuwa hana sababu ya kuvaa. Nisamehe, Shangazi. Nilikuacha ulie kwa ajili yangu wakati mgonjwa ni wewe.

Habari za vidole?

Mpwa wako

*

Oktoba 8

Mjinga wewe,

Marahaba, ingawa hustahili. Wazima.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilitaka hasira ipoe. Haikupoa, nimechoka kuingoja. Nimelia kwa ajili yako, mimi! Nimemlilia mtu mzima wa afya! Nilimfanya mama yako afunge kula, nikatafuta bei ya ndege, nikamwuliza Ndevu Tatu maswali mpaka akaanza kunikimbia kwenye ngazi. Nimefagia chumba cha nyuma kila Jumamosi. Na wewe umekaa huko na damu safi kama maji ya chupa unaona haya! Haya ya nini? Nani alikuomba uugue ili unisindikize? Mimi njia naijua, ni ghorofa ya pili.

Eti sahani ya kulinganishia. Usiniletee falsafa. Kaka yangu alikuwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo kapona. Hiyo ni habari ya kupigiwa vigelegele, na wewe umeninyima kwa miezi. Nilipomwambia mama yako alipiga kigelegele kibovu hadi redio ya juu ikazimwa. Siku hiyo nilimsamehe kwaya yake yote.

Ile barua ya Agosti ichome. Sikuiandika mimi, ni homa. Ukimwonyesha mtu nitakana hadi kaburini.

Profesa umemfanya vizuri. Nimeisoma sehemu hiyo kwa sauti dukani.

Sindano ya pili nimechomwa mwezi jana. Ndevu Tatu ananiambia kila mara nisitegemee vidole kurudi, nishukuru tu visiendelee kwenda. Nami nimemwambia kila mara kwamba sitegemei kitu kutoka kwa mtu mwenye ndevu chache hivyo.

Nimekushonea koti jingine, la kwanza najua umelikata nyuzi kwa upelelezi wako. Juzi mchana nilikuwa nalipinda pindo, mama yako amekaa pembeni anamaliza sukari yangu. Sindano ikaniingia kidole cha kulia, kile kile chenye ganzi. Nikaruka. Nikapiga ukelele, mwanangu, wa kusikika barabarani, mteja akaangusha mwavuli. Mama yako akaweka kikombe chini, akaninyooshea kidole, alivyoingoja siku hiyo miaka yote, akaniita Yai. Nikamwambia aniite tena. Akaniita. Nikamwambia tena.

Doa utaliona, lipo upande wa ndani, karibu na mshono. Maji yalikuwepo na sabuni ilikuwepo. Nimeliacha. Hilo nililisikia.

Shangazi yako